Jiwe la Kwanza

Karatasi ilikuwa na mistari mitatu. Binamu yangu, anayesomea upimaji wa ardhi, alinitumia picha yake tukiwa wote nyumbani Makanya kwa likizo ya Desemba. Mstari wa kwanza ulitaja latitudo na longitudo ya jiwe la mpaka. Wa pili: kutoka hapo, nyuzi 64, mita 118, hadi jiwe la pili. Wa tatu: kutoka hapo, nyuzi 151, mita 90. Mwisho wa safari kuna kopo, na ndani ya kopo kuna daftari. Ukilipata, andika jina lako.

Mchezo huu unaitwa jiokashingi. Ulianza Marekani Mei 2000, pale serikali ya nchi hiyo ilipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Kabla ya hapo, kifaa cha kawaida kingeweza kukosea hata mita 100. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alificha ndoo kwenye msitu wa Oregon, akaweka majira yake mtandaoni ili wengine waitafute. Tangu hapo watu duniani kote huficha vikopo na kutunga mafumbo ya kuvifikia. Binamu yangu alitunga lake kwa lugha ya taaluma yake: anzia hapa, elekea kule, pima hivi.

Niliingiza namba kwenye simu, nikaifuata. Ilinipeleka katikati ya mahindi ya mtu. Hapakuwa na jiwe. Nilizunguka nikiinua simu juu kama anayetafuta mtandao, mpaka bibi mmoja akatokea na jembe begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani amekutuma kupima?"

Nilimweleza habari za kopo na mchezo. Hakucheka. Akauliza tena, polepole zaidi: "Nani amekutuma?"

Swali lake lina umri mkubwa kuliko yeye. Tarehe 26 Novemba 1895, utawala wa Wajerumani ulitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Aliyedai kuwa na chake alitakiwa kuthibitisha. Reli kutoka Tanga ilifika Buiko mwaka 1909 na Moshi mwaka 1911, ikipita hapa Makanya, na katika ukanda wa reli hiyo mashamba ya mkonge yakapata mipaka ya mistari iliyonyooka. Waingereza nao, kwa sheria ya mwaka 1923, waliweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya Gavana. Mwaka 1951 Mkomazi, upande wa pili wa milima yetu, ikatangazwa kuwa pori la akiba, na mwaka 1988 wafugaji waliokuwa wakiishi humo wakaondolewa. Kwa mtu aliyeishi miaka hiyo, kijana anayetembea shambani na karatasi yenye namba hawezi kuwa anacheza.

Nilimpigia binamu yangu. Alicheka kwanza, kisha akaniuliza simu yangu inatumia datumu gani. Kumbe hapo ndipo fumbo lilipokuwa. Namba zake alizitoa kwenye ramani ya zamani, na ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Mfumo huo unakadiria umbo la dunia kwa vipimo vya Mwingereza Alexander Ross Clarke vya mwaka 1880, na nukta yake ya msingi iko Buffelsfontein, karibu na jiji lililokuwa likiitwa Port Elizabeth, Afrika Kusini. Simu hutumia WGS84, mfumo wa Wamarekani. Namba zile zile, ukizisoma kwa mfumo usio wake, zinakutupa zaidi ya mita 200 kutoka mahali panapokusudiwa. Kwa Makanya, kosa hilo lilinisogeza kaskazini, na kidogo magharibi.

Mita 200 si kitu kwenye ramani ya nchi. Kwa bibi yule ni shamba zima na la jirani yake.

Nilibadilisha mpangilio wa simu, nikamwonyesha mshale. Akautazama, akatazama unakoelekea. "Unatafuta bikoni? Si ungesema." Akatangulia. Tulivuka mfereji unaoleta maji ya mafuriko kutoka milimani, tukapita mkwaju, na chini ya majani makavu akalisukuma jiwe kwa mguu. Simu ilikuwa bado inahesabu mita.

Njiani alinieleza shamba lake, bila mimi kumuuliza. Linaanzia mferejini. Linafuata mfereji hadi kwenye mkwaju. Kutoka mkwajuni linapanda hadi kwenye masale aliyopanda baba mkwe wake, kisha linarudi mferejini. Ilikuwa lugha ile ile ya binamu yangu: nukta ya kuanzia, mwelekeo, kituo, na kurudi ulikoanzia. Lakini nukta yake ya kwanza ilikuwa hapa hapa, si Buffelsfontein, na hakuihitaji setilaiti.

Nilipata kopo. Kabla sijaandika jina, bibi aliuliza: "Hiyo karatasi yako inasema shamba langu linaishia wapi?"

Haikusema. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitambua haki yake ya kimila hata bila hati, na kuipa uzito sawa na haki ya mwenye hati. Hata hivyo mfereji huhama mafuriko yakija, mkwaju hukatwa, na wanaokumbuka nani alipanda masale wanapungua.

Kesho yake nilirudi na binamu yangu. Hakuleta kifaa. Alileta daftari na kalamu, na bibi akawaita majirani zake wawili. Tulianzia mferejini.