Contessa 32: Mashua ndogo iliyoishinda dhoruba ya Fastnet

MASHUA 303 zilitweka matanga Agosti 11, 1979 kutoka Cowes, kusini mwa Uingereza, kwenda kuuzunguka mwamba wa Fastnet karibu na Ireland na kurejea Plymouth. Dhoruba iliyozikuta njiani iliua mabaharia 15 wa mashindano hayo, na ni mashua 85 tu zilizomaliza. Katika daraja la vyombo vidogo kabisa zilianza 58, ikamaliza moja. Iliitwa Assent, nayo ni ya aina ya Contessa 32.

Aina hiyo ilisanifiwa na David Sadler na kuanza kuundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika karakana ya Jeremy Rogers mjini Lymington. Wawili hao walikwisha kushirikiana kutoa Contessa 26, iliyo ndogo zaidi. Tangu hapo zimeundwa Contessa 32 zaidi ya 700, zote za faibaglasi, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa resini na kutandazwa tabaka kwa tabaka ndani ya kalibu.

Ina urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 2.9 tu. Uzito wake ni takriban kilo 4,300, ambapo karibu nusu yake ni farumi ya risasi iliyofungiwa ndani ya mkuku. Usukani nao hauning'inii peke yake majini, bali umeegemezwa kwenye pezi imara lililoungana na mwili wa chombo.

Wembamba huo na uzito huo uliokaa chini ndio siri yake. Chombo kikilazwa hadi mlingoti uguse maji, kimeinama digrii 90. Uchunguzi uliofanywa baada ya maafa ulilinganisha Contessa 32 na mashua moja ya mashindano ya wakati ule, iliyokuwa pana na nyepesi. Ilibainika kuwa hiyo ya pili hupoteza uwezo wa kujiinua ikipita digrii 117, wakati Contessa huendelea kujiinua hadi zaidi ya digrii 150. Hata ikipinduliwa kabisa, wimbi linalofuata halina kazi kubwa kuirudisha. Mashua pana, kinyume chake, huweza kutulia ikiwa juu chini, na watu wake wako majini.

Hata hivyo, usalama huo una gharama. Ubavu wake ni mfupi juu ya maji, hivyo mawimbi hupanda sitahani na kuwalowesha wasafiri mapema. Chumbani ni finyu: kuna vitanda vyembamba, jiko dogo na meza ya ramani, na mtu mrefu hulazimika kuinamisha kichwa. Familia inayotaka nafasi ya kujinyoosha bandarini itaridhika zaidi na mashua za kisasa za urefu huo huo, ambazo ni pana zaidi.

Assent haikustaafu baada ya 1979. Willy Ker aliisafiri hadi Greenland na hata Antaktika. Kwa anayetaka kununua Contessa ya zamani, jambo la kwanza ni kuipandisha nchi kavu na kukagua malengelenge chini ya mstari wa maji, ugonjwa wa kawaida wa faibaglasi iliyokaa majini miaka mingi, kisha kuchunguza kwa makini mahali pezi la usukani lilipoungana na mwili.