Nabii wa Kike Mwenye Mgongo wa Kiume

Kwenye dari ya Kanisa la Sistine, Vatikani, aliyopaka Michelangelo kati ya 1508 na 1512, yumo Sibila wa Libya, nabii wa kike aliyejipinda kushika kitabu kikubwa. Karatasi ya matayarisho yake imehifadhiwa katika makumbusho ya Metropolitan, New York. Ukiitazama, utaona kwa chaki nyekundu mgongo wa mwanamume, misuli ya mabega imetutumka. Pembeni Michelangelo amerudia uso, mkono na kidole gumba cha mguu, akitafuta mahali uzito wa mwili unapokaa.

Zama hizo kumtumia mwanamume kuwa modeli wa umbo la kike halikuwa jambo geni. Katika karakana za Italia, fundi aliyetaka mtu wa kumchora alimwita mwanagenzi wake, akamvua nguo na kumsimamisha. Mwanamke kuvua nguo mbele ya wanaume kulihesabiwa fedheha. Hata Raphael, alipopanga umbo la Bikira Maria kwa ajili ya picha ya Alba Madonna, alimkalisha kijana wa kiume.

Mazoea hayo ya karakana yakageuka somo rasmi. Mnamo 1582 hivi, ndugu Annibale na Agostino Carracci pamoja na binamu yao Ludovico walianzisha chuo Bologna, ambako kuchora mtu aliye hai kulikuwa kazi ya kila mara. Ufaransa ilifungua Akademia ya Kifalme mwaka 1648. Huko mwanafunzi alianza kwa kunakili michoro ya wengine, akaenda kwenye sanamu za plasta, kisha ndipo akaruhusiwa kumchora mtu.

Wanawake walizuiwa kufika hatua hiyo ya mwisho, na gharama yake ilikuwa kubwa. Akademia ziliweka juu kabisa picha za historia na za dini, ambazo hujaa miili. Asiyejifunza mwili alibaki na sura za watu, matunda na maua. Akademia ya London ilipoanzishwa mwaka 1768, Angelica Kauffman na Mary Moser walikuwa miongoni mwa waasisi. Hata hivyo, Johan Zoffany alipowachora wanachama wakiwa wamemzunguka modeli aliye uchi, wanawake hao wawili aliwatia kama picha zilizotundikwa ukutani.

Wanafunzi wa kike wa Akademia hiyo ya London waliruhusiwa kumchora modeli wa kiume mwaka 1893, naye akiwa amesitiriwa kiunoni. Kwa hiyo wingi wa maua katika kazi za wanawake wa karne zile usichukuliwe kuwa ushahidi wa walichokipenda. Kwanza iulizwe walikatazwa nini.