Babu yako alikuwa namba ngapi?

Ndugu msikilizaji, kama umewahi kuketi darasani katika shule yoyote ya Tanzania, basi yuko mtu mmoja wa Kilosa unayemjua bila kufundishwa upya. Ni Mangungo wa Msovero. Mwezi Novemba 1884 Karl Peters, Mjerumani ambaye hata miaka 30 alikuwa hajaitimiza, aliingia Usagara na karatasi zake, na Mangungo akaweka alama. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akatoa hati ya ulinzi, na Usagara ikahesabiwa kuwa mali ya kampuni. Tangu siku hizo jina la mzee yule limegeuka tusi. Mtu akitaka kuuponda mkataba mbovu wa madini, humtaja Mangungo, na kila mtu anaelewa.

Lakini mimi huuliza: Mangungo alikuwa mtoto wa mama gani? Peters hakuwa na haja ya kujua hilo, wala mwalimu wetu wa historia hakutuambia. Na hapo ndipo penye kiini cha mambo. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, wenyeji wa Kilosa na Mikumi, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa mjomba kuliko wa baba. Ardhi ilikuwa ya ukoo, na mtu mmoja, hata akiitwa sultani na mgeni aliyetoka mbali, hakuwa na mamlaka ya kuitoa. Anayemcheka Mangungo leo anakubaliana na Peters bila kujua, kwamba kweli mzee yule alikuwa na nchi ya kuuza.

Nimeyakumbuka haya baada ya kupata barua ya msikilizaji wa Kimamba. Babu yake mzaa baba alikuja kukata mkonge, akafia huko huko. Mjukuu anataka kujua babu alitoka wapi, na jina lake la kwao lilikuwa nani. Anasema amesikia kwamba Wamarekani hupata habari kama hizo kwa siku moja tu.

Ni kweli kwa sehemu. Kule kila wilaya ina jumba la mahakama lenye vitabu vya ndoa, wosia na mashamba. Sensa yao imefanywa kila miaka 10 tangu 1790, na majina hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72. Ya mwaka 1950 ilifunguliwa mwaka 2022. Lakini muulize Mmarekani mweusi. Katika sensa za 1850 na 1860 babu zake watumwa waliandikwa umri na jinsia chini ya jina la bwana wao, bila majina yao wenyewe. Wengi wao wakirudi nyuma hufika mwaka 1870, na hapo hugonga ukuta.

Ukuta wetu ni mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandika vibarua, SILABU, iliyokusanya watu kutoka pembe za mbali za Tanganyika na hata nje ya mipaka. Kibarua alipewa namba na kipande cha kutiwa alama kila siku ya kazi, mpaka zitimie siku 30. Ndiyo maana tukawaita manamba. Karani akishindwa kulitamka jina, aliandika la rahisi, Juma au Ali, akaongeza kabila kwa kukisia. Mtu akaishi na jina la karani mpaka kaburini.

Wenyeji nao wasidhani wamepona. Serikali ya Mwingereza ilipoanza kutawala kwa kupitia machifu katika miaka ya 1920, mabwana shauri walijaza vitabu vya wilaya kwa historia za koo. Vinasomwa mpaka leo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na ni hazina. Ila msomaji ajiulize nani alikuwa anasimulia. Mzee aliyejua kwamba uchifu na mshahara vinategemea simulizi lake hakukosa sababu ya kurefusha ukoo wake na kuufupisha wa jirani. Uchifu wenyewe ulifutwa mwaka 1963.

Vyanzo vingine vipo. Wamisionari wa Mamboya na wa Ilonga walifika katika miaka ya 1880, na kitabu cha ubatizo kwa kawaida hutaja mama, jambo ambalo kwa watu wa Kilosa ni nusu ya safari. Mwaka 1957 Mmarekani mmoja, T. O. Beidelman, alikwenda kuishi Ukaguru akiuliza wazee habari za koo zao, akaziandika vitabuni. Vitabu hivyo ni rahisi kuvipata Marekani kuliko Gairo.

Huko Mikumi kitabu kilikuwa makaburi. Watu walifanyia tambiko walikolala wazee. Hifadhi ikatangazwa mwaka 1964, mipaka ikapanuliwa 1975, na wakati wa vijiji watu waliambiwa wakae pamoja karibu na barabara. Kisha mafuriko ya Mto Mkondoa, mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, yaliingia majumbani Kilosa na kuondoka na masanduku, vyeti vikiwa ndani.

Mjukuu wa Kimamba hatafuti haya kwa kujifurahisha. Shamba lililotelekezwa likifutiwa hati ili wananchi wagawiwe, huulizwa: wewe ni wa wapi? Yeye kazaliwa pale, baba yake kazaliwa pale.

Ndugu yangu, anza na bibi kama yu hai. Muulize majina ya waliokuja katika lori moja na babu, maana watu wa kijiji kimoja waliandikishwa pamoja. Nenda parokiani au msikitini alikozikwa. Na kama kipande kipo bado chini ya sanduku, niandikie namba yake na jina la shamba.