Maziwa ya Nani Haya?

Dada yangu huuza bizari Marikiti. Alirudi mezani mtoto akiwa na wiki saba tu, maana meza ikikaa tupu wateja wanahamia kwa jirani. Mimi nilikuwa nimeacha chuo, niko nyumbani na laptop yangu, basi ulezi ukaniangukia.

Alfajiri alikamua maziwa, akayatia kwenye chupa zilizochemshwa, akaniachia masharti. Kwenye friji, siku 4 mwisho. Nje ya friji yasizidi saa 4, tena hiyo ni hesabu ya joto la nyuzi 25. Mombasa nyuzi 25 utazipata wapi, bana? Labda usiku wa Julai. Kupasha ni kwenye bakuli la maji moto, si jikoni. Yakiganda kisha yakayeyuka, hayarudi friza.

Stima si ngeni mji huu. Mwaka 1908 Harrali Esmailjee Jeevanjee alichukua jenereta iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar, ikazaliwa kampuni ya umeme ya Mombasa. Jengo la Marikiti ni la 1914, yaani stima ilitangulia soko. Lakini siku moja tokeni zilituishia na hela hatuna, nikakimbiza chupa tatu kwa jirani mwenye friza. Naye ananyonyesha.

Bibi hakuuliza habari ya baridi. Aliuliza, "Umeziandika jina?"

Zamani maziwa ya mama hayakuwekwa. Mama akiugua au akifa, mwanamke mwingine alimpa mtoto ziwa. Na Pwani tunafuata Shafii: mtoto akinyonya mara tano kabla ya miaka miwili, huyo ni ndugu wa watoto wa yule mama, hawaoani. Wanazuoni wengi wanahesabu hata ya chupa. Benki ya maziwa ilipofunguliwa Pumwani, Nairobi, mwaka 2019, swali la bibi lilikuwa hilohilo.

Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Dada hana mwajiri. Anakamua nyuma ya magunia, leso begani.

Nilirudi mbio kwa jirani na kalamu. Kwenye friza nikakuta chupa sita, zote sawasawa, zimeshaanza kuganda. Yeye mwenyewe hakuzijua zake. Tukazimwaga zote.

Jioni dada alirudi na bizari kwenye kucha, akauliza mtoto amekunywa ngapi.