Rivolva iliyotumika Marekani: utajuaje bei ni ya haki au unapigwa?

Meza moja, rivolva mbili. Zote ni Smith & Wesson Model 10, zote zinatumia risasi za .38 Special, zote zina mtutu wa inchi nne. Moja imeandikwa dola 425, nyingine dola 700. Ukimuuliza muuzaji kwa nini, anakwambia ile ya pili ni ya zamani, siku hizi hazitengenezwi hivyo.

Inawezekana anasema kweli. Inawezekana pia anakuuzia stori.

Kwenye maonyesho ya silaha ya wikendi nchini Marekani na kwenye maduka ya rehani, hali hii ni ya kawaida kabisa. Watanzania, Wakenya na Wakongo wanaoishi huko, na ambao sasa wanafikiria silaha ya kuweka nyumbani, wanakutana na swali hilo hilo. Ni kama simu used ya Kariakoo: kioo kinang'aa, betri imekufa. Tofauti ni kwamba hapa ukikosea, si pesa tu inayopotea. Rivolva mbovu inaweza kukurushia vipande vya risasi usoni.

Kwanza, unaruhusiwa?

Tulimalize hili mapema. Kwa sheria ya shirikisho, mtu aliyeko Marekani kwa viza ya muda, mfano ya mwanafunzi au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kununua wala kumiliki silaha. Kuna vighairi vichache, kikiwemo cha mwenye leseni halali ya uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu, ile green card, anaruhusiwa kama hana kizuizi kingine, ila majimbo nayo yana masharti yao.

Dukani utajaza Fomu 4473, na muuzaji atakuchunguza kupitia mfumo wa NICS wa FBI. Na usikubali kumnunulia mtu mwingine kwa pesa yake huku ukiandika kwamba mnunuzi ni wewe. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani ilithibitisha kuwa ni kosa hata kama huyo uliyemnunulia naye angeruhusiwa kununua mwenyewe. Kesi yenyewe ilikuwa ya mtu aliyemnunulia ndugu yake bastola.

Haya, tuje kwenye bei.

Bei iliyoandikwa siyo bei

Kosa kubwa la wanunuzi wapya ni kuingia mtandaoni, kukuta kumi zimeandikwa dola 700, basi wakaamini bei ni 700. Hizo ni ndoto za wauzaji. Nyingine zimekaa hapo miezi na hakuna aliyezigusa.

Unachotafuta ni bei ambayo mtu ametoa pesa kweli. Kwenye tovuti ya minada ya GunBroker, ukifungua akaunti unaweza kuangalia minada iliyokwisha. Hapo napo uwe makini, maana mnada uliokwisha bila mtu kuweka dau hauhesabiki, na ule ambao haukufikia bei ya chini ya muuzaji pia hauhesabiki. Tafuta mitano au sita iliyouzwa kweli, ya modeli hiyo hiyo na katika hali inayofanana. Weka kando iliyopanda sana na iliyoshuka sana. Zinazobaki katikati ndizo bei za soko.

Kipo pia kitabu kinachoitwa Blue Book of Gun Values, ambacho wauzaji wengi wanakitumia. Kinapanga bei kwa asilimia ya hali ya silaha, hasa rangi ya asili iliyobaki. Ni kizuri kwa kuelewa jinsi mikwaruzo inavyoshusha thamani. Ila soko linakimbia kuliko kitabu, kwa hiyo mimi ningeanza na minada.

Ili ulinganishe vizuri lazima ujue una nini mkononi. "Smith & Wesson .38 ya zamani" haitoshi. Tangu mwaka 1957 kampuni hiyo imekuwa ikizipa rivolva zake namba za modeli. Fungua silinda, angalia kwenye fremu pale ambapo mkono unaoshika silinda hujificha ukifungwa. Utakuta kitu kama MOD 10-5. Tarakimu baada ya kistari inaonyesha mabadiliko ya kiufundi yaliyofanyika. Ipige picha kabla hujaingia mtandaoni kulinganisha.

Kwa nini ile ya 700?

Kwa sababu soko hili lina watu wa aina mbili: wanaotaka kupiga, na wanaotaka kukusanya. Wakusanyaji wanalipia vitu ambavyo mpigaji hata havioni.

Mfano, rivolva nyingi za Smith & Wesson za kabla ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 zina kipini kidogo kinachopita kwenye fremu kushikilia mtutu. Baadaye kikaondolewa. Kuanzia mwaka 2001 kampuni ilianza kuweka kufuli ya ndani, na nyingi za kuanzia hapo zina tundu dogo la ufunguo ubavuni, kitu ambacho wakusanyaji wengi hawakipendi hata kidogo. Kwa hiyo yenye kipini na isiyo na tundu inapanda bei. Ndiyo, ni halali yake kupanda. Lakini kama unataka silaha ya kujilinda tu, kipini hicho hakikusaidii chochote. Usikilipie.

Mfano mkubwa zaidi ni Colt Python. Ilianza kuuzwa mwaka 1955, uzalishaji ukasimama miaka ya 2000, bei ya zilizopo ikaanza kupaa. Halafu ikaja tamthilia ya The Walking Dead, ambayo mhusika wake mkuu anabeba Python, na hamu ikaongezeka. Januari 2020 Colt wakairudisha sokoni, bei ya orodha dola 1,499. Za zamani zilizotunzwa bado zinavuka dola 2,000. Kwa mtu anayetaka kupiga tu, ile mpya imeweka kikomo, maana hakuna sababu ya kulipa zaidi kwa iliyochakaa.

Kanuni hiyo inafanya kazi hata huku chini. Heritage Rough Rider ya .22 ni mpya dukani kwa chini ya dola 200. Mtu akikuomba 180 kwa iliyotumika, mshukuru uondoke.

Kuna kundi moja ambalo mimi nalipenda: rivolva zilizorudishwa na polisi. Idara za polisi za Marekani zilipohamia kwenye bastola za magazini, hasa miaka ya 1980 na 1990, Model 10 na ndugu yake wa chuma kisichoshika kutu, Model 64, ziliingia sokoni kwa wingi. Nje zimechubuka kwa kuingia na kutoka kwenye ala kila siku kwa miaka. Ndani, nyingi hazijapigwa sana. Sura yake inamkimbiza mkusanyaji, na hiyo ni faida yako.

Ishike, usiiangalie tu

Hapa ndipo bei ya kweli inapopatikana. Omba ruhusa ya mwenye nayo, fungua silinda, hakikisha matundu yote ni matupu, kisha angalia tena. Usiifunge kwa kutikisa kiganja kama kwenye filamu, ule mkono wa silinda unapinda. Ukimwona muuzaji mwenyewe anaifunga hivyo, tayari ana jambo la kujibu.

Kwanza, mpangilio. Vuta nyundo nyuma polepole sana huku kidole kimoja kikigusa silinda kwa wepesi. Silinda inapaswa kujifunga kabla nyundo haijafika mwisho, au kwa wakati huo huo. Rudia kwa kila tundu, yote sita. Tundu moja likichelewa, siku ya kupiga risasi inaweza isilingane na mtutu, na hapo ndipo vipande vya risasi hutoka pembeni. Hiyo ni kazi ya fundi, na malipo yake yatoke kwenye bei ya muuzaji.

Nyundo ikiwa nyuma, isukume kwa dole gumba bila kugusa triga. Ikianguka, rudisha mezani. Usijadili hata bei.

Kisha omba kuvuta triga tupu. Nyingine, hasa za .22, haifai kuzivuta bila risasi kwa sababu unaharibu ukingo wa tundu, ndiyo maana unauliza. Nyundo ikishashuka, endelea kuishikilia triga na utikise silinda kushoto na kulia. Smith & Wesson na Ruger kucheza kidogo ni kawaida. Colt za zamani kama Python ya kwanza zinatakiwa zikaze kabisa, kwa hiyo mchezo kidogo tu ni ishara ya uchakavu. Sukuma silinda mbele na nyuma pia.

Angalia nafasi kati ya silinda na mtutu. Inapimwa kwa vile vibamba vyembamba ambavyo mafundi wa magari wanavyo. Kati ya inchi 0.004 na 0.008 ni sawa. Ikivuka 0.010, una sababu nzito ya kushusha bei au kuondoka.

Sasa toa simu yako, washa tochi. Weka karatasi nyeupe pale nyuma ya mtutu, mulika karatasi, chungulia kutoka mbele. Mistari ya ndani ionekane safi. Ukiona kama pete nyeusi katikati, mtutu umewahi kuvimba. Uchafu si tatizo, unasafishwa. Vishimo vya kutu havisafishiki.

Ukiwa hapo, mulika mdomo wa nyuma wa mtutu, unaotazamana na silinda. Model 19 za .357 Magnum zinajulikana kwa kupasuka sehemu ya chini hapo, hasa zikipigwa sana risasi nyepesi zenye nguvu kubwa. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuifanya rivolva ya kuvutia kuwa bidhaa ya vipuri.

Mwisho, skrubu. Zikiwa zimeliwa vichwa, kuna mtu aliifungua jikoni kwake kwa bisibisi isiyofaa. Hujui alirekebisha nini.

Inayong'aa kupita kiasi

Rivolva ya miaka 60 inayong'aa kama ya jana inatakiwa ikutie wasiwasi. Mara nyingi imepakwa upya. Maandishi yamefifia, kona zimeviringika, kuzunguka matundu ya skrubu pamebonyea. Kwa Smith & Wesson ya nikeli, angalia nyundo na triga: kiwandani vilibaki na rangi yake ya madoa ya kahawia na kijivu. Vikiwa vya nikeli navyo, kazi hiyo haikufanyika kiwandani. Kwa mpigaji si shida. Kwa bei ya mkusanyaji, ni shida kubwa.

Mtego mwingine ni Victory, rivolva za Smith & Wesson za wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Nyingi zilipelekwa Uingereza zikiwa za risasi fupi na nene kidogo, .38 S&W. Baada ya vita, baadhi zilitobolewa ndani ili ziingie .38 Special. Risasi zinaingia, lakini maganda yanatoka yamevimba. Ukiona ni rahisi kuliko wenzake, uliza hilo kwanza.

Piga hesabu

Tuseme minada inaonyesha Model 10 kama ile inauzwa dola 470. Ukinunua mtandaoni kutoka jimbo lingine, sheria inataka itumwe kwa muuzaji mwenye leseni katika jimbo lako, naye anatoza ada. Weka dola 35 za kusafirisha na 30 za ada, ni 535 kabla ya kodi, na hujaishika bado.

Kwa hiyo jirani wa jimbo hilo hilo anayeomba 520, na amekuruhusu kufanya vipimo vyote hapo juu, hajakuonea. Sanduku la asili na karatasi zake zinaweza kumwongezea. Mpini wa mpira uliobadilishwa, bila ule wa mbao wa asili, unampunguzia.

Ukishusha bei, taja kasoro uliyoiona, na gharama ya fundi kama umeshaiuliza. "Tundu la tatu linachelewa" inashusha bei haraka kuliko "nipunguzie kaka."

Kabla pesa haijatoka, soma namba ya usajili. Ikiwa imekwaruzwa au kufutwa, kuimiliki tu ni kosa la shirikisho, haijalishi uliilipia. Florida, kwa mfano, ina ukurasa wa idara ya polisi ya jimbo ambako yeyote anaweza kutafuta kama silaha imeripotiwa kuibwa. Kwingine, muuzaji asipotaka kwenda nawe kwa mwenye leseni mkakamilishie pale, au asipotaka kuandika namba hiyo kwenye karatasi ya mauzo na kutia sahihi, hiyo 425 yake mwachie.