Mwadui na Majirani wa Uzio

Kabla ya mwaka 1940, Mwadui ilikuwa nchi ya Wasukuma kama ilivyo sehemu kubwa ya kati ya Shinyanga na Mwanza: mibuyu, ng'ombe, mtama, pamba, na mvua isiyoaminika. Machi mwaka huo John Thorburn Williamson, mwanajiolojia wa Kanada aliyetafuta almasi kwa miaka huku fedha zikimwishia, aliipata hapo. Wenyeji husimulia kwamba ilikuwa chini ya mbuyu. Alikuwa amekanyaga mdomo wa bomba la kimbalaiti, mwamba uliorushwa juu na volkano kutoka kina kirefu cha ardhi. Mdomo huo una eneo la hekta 146, miongoni mwa mikubwa iliyowahi kuchimbwa duniani.

Williamson hakufika hapo peke yake. Wakili wa Mwanza, I. C. Chopra, alimsaidia kwa fedha na sheria, akawa mbia wake. Na waliochimba, wakabeba na kuchekecha changarawe walikuwa Waafrika ambao majina yao hayakuingia vitabuni. Oktoba 1947 mgodi ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5. Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyefunga ndoa Novemba mwaka huo; ilipokatwa zikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua iliyotengenezwa na Cartier.

Hadithi ya bruchi hiyo imesimuliwa mno. Mimi naona jambo kubwa zaidi ni mji wenyewe. Mwadui haikuota sokoni wala kwenye njia panda. Ilijengwa na mwajiri. Nyumba, hospitali, shule, umeme, uwanja wa ndege, maji ya bwawa la Songwa, vyote vilitoka kwa kampuni, na uzio ukauzunguka mji. Ukiwa na kazi mgodini ulikuwa na nyumba, daktari na shule ya mtoto. Kazi ikiisha, ulifungasha. Kwa hiyo watu waliozaliwa na kukulia Mwadui waliishi kwenye mji ambao kwao haukuwa mali wala urithi.

Wenye mali nao wamebadilika mara nyingi. Williamson alifariki Januari 1958, na mwaka huohuo warithi wakauza mgodi kwa kampuni ya almasi ya De Beers na serikali ya kikoloni ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Baada ya Azimio la Arusha ukataifishwa. Mwaka 1994 De Beers ilirudi ikiwa na asilimia 75, na mwaka 2009 Petra Diamonds ikashika nafasi yake.

Nje ya lango, kando ya barabara ya Mwanza, mji mdogo wa Maganzo ulikua kwa namna yake: maduka, mamalishe, wanunuzi wa almasi, na vijana waliotafuta riziki kwenye mabaki ya changarawe ya mgodi. Wanaopenya uzio usiku kufuata changarawe huitwa wabeshi. Wengine ni watoto wa wakulima ambao wazee wao walilisha ng'ombe ndani ya eneo hilohilo. Mei 2021 Petra ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya watu 71 kuhusu vifo, majeraha na mateso yaliyohusishwa na ulinzi wa mgodi. Haikukiri kuwajibika kisheria, ila ilikubali kwamba yalitokea matukio yaliyosababisha vifo, majeraha na watu kutendewa vibaya. Kwangu huo ni ukurasa wa historia ya Mwadui wenye uzito kuliko ule wa bruchi.

Novemba 7, 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi ulibomoka. Tope likafunika nyumba, mashamba na malisho ya vijiji vya jirani, Ng'wanholo na Nyenze. Waliopoteza mazao hawakuwa na hisa wala nyumba za kampuni. Walikuwa na mashamba tu, na mashamba hayo ndiyo yaliyozama.