Tungamo Tunzajoto: Ukuta Unaochelewesha Jua

Machi 1964, Kituo cha Utafiti wa Ujenzi cha Cairo kilipima vyumba vya majaribio vilivyosimama kwenye jua moja. Kimoja kilikuwa cha matofali mabichi ya udongo, kuta zake zikiwa na unene wa sentimita 50 na paa lake likiwa la kuba. Kingine kilikuwa cha bamba za zege zenye unene wa sentimita 10, ukutani hadi paani. Kwa saa 24, joto ndani ya chumba cha udongo lilikaa kati ya nyuzi 21 na 23. Ndani ya chumba cha zege lilipanda hadi nyuzi 36, yaani nyuzi 9 zaidi ya hewa ya nje. Msanifu majengo wa Kimisri, Hassan Fathy, aliyeyaandika matokeo hayo, alikuwa ameitetea nyumba ya udongo kwa zaidi ya miaka 20.

Kilichovitofautisha vyumba hivyo ni sifa ambayo wasanifu huiita kwa Kiingereza thermal mass. Makala hii inapendekeza tuiite tungamo tunzajoto.

Tungamo tunalijua kutoka vitabu vya fizikia: ni wingi wa maada katika kitu. Tafsiri ya neno kwa neno ingetupa "tungamo joto", lakini anayelisikia hilo atafikiri juu ya kitu cha moto, ilhali ukuta tunaouzungumzia hugusika baridi saa nane mchana. Tunzajoto limejengwa kwa mtindo wa kipimajoto, kitenzi kikitangulia na joto likifuata, nalo linataja kazi yenyewe. Maada nzito hupokea joto polepole, hulitunza, kisha huliachia baadaye. Mafiga hufanya hivyohivyo: kuni zimekwisha kuondolewa, mawe bado yana moto.

Hesabu yake si ngumu. Mita moja ya mraba ya ukuta wa udongo wenye unene wa sentimita 50 ina uzito wa kilo 850 hivi, na huhitaji takriban kilojuli 750 ili joto lake lipande kwa nyuzi moja. Mita moja ya mraba ya bati la geji 28 ina kilo 3 tu, nayo hupanda nyuzi moja kwa kilojuli moja na nusu hivi. Ndiyo maana nyumba ya mabati huwaka muda mfupi baada ya jua kuchomoza, na ukuta wa udongo hauonyeshi dalili yoyote.

Tungamo tunzajoto lina mwenzake, uchelewaji wa joto: muda unaopita tangu jua lipige ukuta kwa nje hadi joto hilo litokee ndani. Katika ukuta wa udongo wa sentimita 30, muda huo ni kati ya saa nane na kumi. Joto la saa nane mchana huingia chumbani baina ya saa nne na saa sita usiku, tena likiwa limepungua sana, wakati hewa ya nje imekwisha kupoa na madirisha yako wazi. Ukuta wa zege wa sentimita 15 huchelewesha joto kwa saa nne hivi tu, hivyo humwaga joto lake magharibi, familia inapokusanyika ndani.

Yote haya yanategemea usiku wa baridi. Mjini Luxor, mwezi wa Juni, mchana hupita nyuzi 40 na alfajiri hushuka hadi nyuzi 22 hivi, kwa sababu anga kavu isiyo na mawingu huacha joto la ardhi lipotee juu. Ukuta hupata nafasi ya kutua mzigo wake kabla ya kupokea mwingine. Dar es Salaam mwezi wa Februari usiku hubaki karibu nyuzi 25, na hewa ina unyevu mwingi. Huko ukuta mnene haupati usiku wa kupumulia, na mtu hunufaika zaidi na upepo unaopita ndani na paa lenye kivuli. Sifa hii basi isinadiwe kama dawa ya kila mahali. Ni ya maeneo makame ambako mchana na usiku vinapishana kwa nyuzi nyingi.

Isichanganywe pia na kihami joto. Sufi ya madini huzuia joto lisipite, lakini haina akiba yoyote. Tungamo hulipitisha, ila kwa kuchelewa. Nyumba nzuri ya jangwani hutumia vyote viwili: kihami upande wa nje, hasa juu ya paa linalopigwa na jua kutwa, na tungamo upande wa ndani.

Kwa familia isiyo na fedha nyingi, swali gumu ni paa, kwa kuwa jangwani mbao ni adimu na ghali. Fathy alipata jibu Aswan mwaka 1941, kwa mafundi wa Kinubi walioezeka kwa udongo mtupu bila kiunzi cha mbao. Matofali yao ya paa yalikuwa membamba na yenye majani makavu mengi ili yawe mepesi. Kabla hayajakauka, fundi aliyachora kwa vidole mifereji miwili ya mshazari. Mifereji hiyo ndiyo iliyoyafanya yang'ang'anie udongo mbichi. Safu ya kwanza ya tao iliegemezwa kwenye ukuta wa mwisho, na kila iliyofuata ikaegemea iliyotangulia. Kuanzia katikati ya miaka ya 1940 ufundi huo ulitumika kujenga kijiji cha Gourna Mpya, karibu na Luxor.

Udongo una adui wake, nao ni maji. Ngome ya Bahla nchini Oman, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1987, ina kuta za matofali mabichi juu ya msingi wa mawe, ili unyevu wa ardhini usipande. Na plasta ya udongo haina budi kurudiwa kila inapoliwa na mvua. Anayeamua kujenga hivi aiweke kazi hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Tungamo lenyewe si lazima liwe udongo. Turkana, kaskazini mwa Kenya, msanifu Francis Kéré alitumia mawe ya machimbo ya hapohapo kwa kampasi ya Startup Lions, iliyokamilika mwaka 2021, akaongeza minara mirefu inayotoa hewa moto juu.

Mwenye kiwanja Lodwar au Garissa anayetaka kujenga amwulize fundi wake mambo manne: ukuta wa magharibi utakuwa na unene gani, paa litapata kihami gani, madirisha yatafungwaje mchana na kufunguliwaje usiku bila hofu ya wezi, na kivuli kitatoka wapi. Majibu hayo yapatikane msingi haujachimbwa, maana bili ya kiyoyozi huanzia kwenye ramani ya nyumba.